Maua Yamefunguka Chepkitale

Jumatano, 11 Juni. Bungoma

Nimefunga kigutu tena asubuhi. Bendeji kwa mshazari, kutoka chini kwenda juu, ibane lakini isikabe. Nasimiyu alisimama mlangoni kuangalia kama nafunga sawa. Mdogo wangu anafundisha darasa la tatu. Siku hizi mimi ndiye darasa la tatu.

Halafu chai. Halafu mazoezi ya goti: kunja, nyoosha, kunja. Halafu magongo mpaka chooni. Choo ndicho chumba pekee katika nyumba hii chenye dirisha linalotazama kaskazini. Ukishika ukingo wa sinki ukasimama vizuri, unauona mlima. Leo ulikuwa wazi kabisa, mpaka mawingu yalipoanza kupanda. Nilikaa humo mpaka Nasimiyu akagonga mlango. Anafikiri naumwa tumbo.

Vidole vya mguu usiokuwepo vinaniwasha. Daktari alisema ni kawaida. Ya kwake labda.

Alhamisi, 12 Juni

Kliniki. Muuguzi mpya, na yeye anataka kujua ilivyotokea. Nimechoka kusimulia. Naandika hapa mara moja, basi.

Ilikuwa mwezi wa tatu, Kimilili. Nilikuwa nyuma ya bodaboda nikitoka sokoni. Trekta la miwa likakata kona bila kuangalia. Mwenye boda alirukia upande wa pili, akachubuka kiwiko. Mimi tela lilipita juu ya mguu wa kulia. Nilizinduka Bungoma hospitalini. Chini ya goti hapakuwa na kitu.

Muuguzi akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia: napandisha wageni mlimani kuona maua. Akaangalia kigutu, akaangalia ukuta. Hakuuliza tena.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Nimekaa kiti cha mwisho, magongo chini ya benchi. Mama mmoja amenishika mkono akaniambia Mungu amenipumzisha. Nilitaka kumpiga na gongo. Nimesema amina.

Tulipofika nyumbani simu ikalia. Chebet. Huyu niliwahi kumfundisha kazi ya kuongoza wageni. Anaishi juu, Chepkitale, na mume wake na punda wao, na lazima apande kilima cha nyuma ya nyumba ili apate mtandao. Ametuma neno moja: Yamefunguka. Halafu picha.

Nilijua yangekuja. Mwezi wa pili moto uliunguza nyasi zote za juu ya msitu, majivu yakafika mpaka mtoni. Watu walilia. Mimi nilinyamaza, kwa sababu marehemu baba alikuwa akisema mwaka wa moto ndio mwaka wa maua. Yeye alikuwa ameuona mmoja tu. Mimi sijauona hata mmoja. Nimepanda mlima huu tangu nikiwa msichana, na kila mwaka maua yapo, lakini ya kutafuta: hapa mawili, pale matatu, kando ya kijito. Picha za Chebet si za kutafuta. Nyekundu mpaka mwisho wa picha.

Nimemwonyesha Nasimiyu. Ametazama kidogo. Amesema, "Ni maridadi, dada." Akarudi kupiga pasi sare za watoto.

Amekaa chini ya mlima huu maisha yake yote. Hajawahi kuupanda. Hata siku moja.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetazama picha siku nzima mpaka simu ikazima.

Siwezi kukaa. Siwezi kusimama pia. Hilo ndilo tatizo.

Jumanne, 17 Juni

Tumegombana.

Nasimiyu amepanga mambo. Mwisho wa mwezi lori litaenda Kitale, litabeba vitu vyangu, litavileta hapa. Ameshaongea na mwenye nyumba yangu. Ameshamtolea mtoto wake mkubwa kitanda chumbani ili mimi nibaki humo. Amepanga vizuri sana. Hakuniuliza.

Nikamwambia nyumba yangu iko Kitale. Akaniuliza, "Nani atakuangalia huko?" Nikasema Halima yuko, mlango wa pili. Halima ni fundi wa nguo, duka lake liko karibu na msikiti, tumeishi jirani mpaka tumesahau nani alimkuta mwenzake. Nasimiyu akasema, "Halima ana watoto wake. Wewe huna mtoto, dada. Una mimi tu."

Ni kweli. Ndiyo maana iliuma.

Nikamwambia anataka kuniweka kama kabati. Akalia. Watoto walisikia. Chakula cha jioni kilikuwa samaki na ugali, na mimi nikanyimwa nafasi ya kuosha vyombo kama kawaida. Ati nitateleza.

Najua ananipenda. Naandika hapa nisije nikasahau nikiwa na hasira. Lakini hasira ipo.

Ijumaa, 20 Juni

Mguu bandia umefika. Mweupe kama wa mdoli dukani, na mimi mweusi. Fundi aliniomba radhi kwa rangi. Nikamwambia rangi si shida, mradi unatembea.

Hautembei. Kwa sasa. Nimesimama katikati ya vyuma viwili nikashika kila upande. Uzito wote ulishuka kwenye kigutu kama mtu anakanyaga jeraha. Nimetoka jasho mpaka mgongoni. Fundi alifurahi. Alisema nimefanya vizuri. Masharti yake: ndani ya nyumba tu, sakafu tambarare, muda mfupi, nitoe, nipumzishe ngozi. Nje bado. Nikamwuliza mlimani je? Alidhani ni utani.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeanguka uani. Nilitaka kufika kwenye mwembe wa jirani na kurudi. Si mbali. Kokoto moja tu. Nasimiyu alinikuta nimekaa kwenye matope nikicheka, na kucheka kule hakukuwa kuzuri. Alinipangusa, akauweka mguu juu ya kabati la nguo, mahali ambapo mimi siwezi kufika.

Jioni nikampigia Chebet. Nikamwambia mguu haufai. Akasema, "Si uje na punda." Hivyo tu, kama mtu anayesema uje na mwavuli. Gari mpaka Laboot, kutoka hapo punda mpaka kwao.

Nilikasirika. Nikamwambia mimi si gunia la viazi. Miaka yote hiyo nilikuwa mbele, wageni nyuma, punda nyuma ya wageni na mahema. Sasa mimi niwe hema?

Chebet akasema, "Madam, maua hayajui ulikuja na nini."

Nimekata simu.

Jumatatu, 23 Juni

Sijalala vizuri. Kila nikifumba macho natembea. Kwenye ndoto mguu upo, na njia ipo, ile ya kwenye mianzi, kuna unyevu na harufu ya majani yaliyooza. Nikizinduka natafuta kiatu.

Mvua inanyesha huko juu. Mlima umejifunika tangu jana. Maua hayatangoja. Wiki tatu, labda nne, yataanza kuchakaa. Na mwaka mwingine wa moto ni lini? Baba aliuona mmoja.

Nimempigia Chebet. Nikamwomba msamaha. Nikamwuliza punda wake ana tabia gani.

Jumatano, 25 Juni

Nimedanganya. Si uongo mzima, nusu. Nimemwambia Nasimiyu kama ni lazima vitu vihame, nitavipanga mwenyewe. Sitaki wapakiaji washike nguo zangu za ndani. Hilo alilielewa. Halima amekuja kunichukua na gari la shemeji yake. Yeye na Nasimiyu walisalimiana vizuri, wakaulizana hali ya watoto, wakaagana vizuri. Nasimiyu aliushusha mguu kutoka juu ya kabati, akaufunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, akauweka kwenye kiti cha nyuma.

"Ijumaa nitakupigia," alisema. "Uvae ndani tu."

Nilishindwa kumwangalia.

Alhamisi, 26 Juni. Kitale

Nyumba yangu. Vumbi. Panya amekula sabuni. Nimefungua madirisha yote na kukaa kitandani, nikasikia cherehani ya Halima upande wa pili wa ukuta, halafu adhana, halafu mtu anauza mayai barabarani. Nimelia kidogo. Kisha nikafagia, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nikikisogeza.

Nimemwambia Halima ukweli. Alikuwa anapima koti la shule, akaacha pini mdomoni akaniangalia. Akazitoa moja moja. Akasema hapana. Akasema mara nyingi, kwa njia mbalimbali. Kuna baridi. Kuna matope. Kidonda kikifunguka nani ataulizwa? "Nitaulizwa mimi. Dada yako ataniuliza mimi, na atakuwa na haki."

Nikasema basi nitaenda na matatu mpaka Kapsokwony, halafu nitajua.

"Utajua nini, na magongo?"

"Nitajua."

Akarudi kushona. Cherehani ilikwenda kwa kasi sana. Nadhani koti lile limeharibika.

Ijumaa, 27 Juni

Halima amerudi kutoka swala ya Ijumaa, akasimama dirishani kwangu bila kuingia. Shemeji yake ana safari ya kupeleka mbolea Kapsokwony Jumapili. Pikapu. Atatufikisha Laboot barabara ikikubali. Yeye Halima atakaa Laboot, hatapanda punda, asiulizwe. Na Nasimiyu akimpigia, hatadanganya.

Nimesema sawa.

Nasimiyu alipiga jioni kama alivyoahidi. Vitu vinaendaje? Vinaenda, nikasema.

Jumapili, 29 Juni. Laboot

Tumefika. Sijui nieleze vipi barabara. Baada ya Kapsokwony si barabara, ni wazo. Pikapu ililala ubavu mara mbili karibu kupinduka, wanaume wakatoka mashambani wakasukuma, Halima akasoma dua kwa sauti. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Hewa ilianza kupoa. Mahindi yakaisha, viazi vikaanza, kisha msitu.

Tumepewa chumba kwa dada yake Chebet. Moto, maziwa mursik, yale ya kugandisha kibuyuni, blanketi tatu. Kigutu kimevimba. Nimekiinua juu ya mto.

Nasimiyu alimpigia Halima. Halima alishika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akasema, "Yuko hapa. Tuko Laboot." Halafu, "Ndiyo. Anataka kupanda." Akaniletea simu. Nikasema haloo. Ilikuwa imekatika, au aliikata. Nikajaribu kupiga. Hapatikani.

Naogopa. Si mlima.

Jumatatu, 30 Juni. Chepkitale

Punda anaitwa Sukari. Si mtamu. Ana mgongo wa mfupa na anaachia hewa kila kilima. Chebet aliweka gunia na blanketi mbili, wakaninyanyua yeye na mume wake, Kiprono. Mguu bandia nimeufunga mgongoni, juu ya begi. Magongo amebeba Chebet. Watu wa Laboot walitoka kuangalia. Mzee mmoja alinijua. Alisema, "Nekesa! Leo na wewe ni mgeni." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi sikucheka.

Kwenye mianzi nilishika shingo ya Sukari kwa mikono miwili. Mguu mmoja hauwezi kubana vizuri, unateleza upande. Niliteleza. Nilianguka kwenye kijito, upande wa kigutu, juu ya jiwe. Sikupiga kelele. Chebet ndiye aliyepiga. Damu ilitokea kwenye bendeji, si nyingi. Alitaka turudi. Nikamwambia kama kurudi ni mbali na kwenda ni mbali, twende. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisikia nikiwaambia wageni maneno hayo. Aliguna. Tukaenda.

Tulipotoka kwenye msitu, ukungu. Hakuna kitu. Nyeupe kama ndani ya gunia. Nilijua maua yako kulia na kushoto kwa sababu niliyasikia yakigusa miguu ya punda, yakigusa wangu. Yenye umande, baridi. Sikuona hata moja.

Niko ndani kwa Chebet. Amenisafisha kidonda na maji ya chumvi. Ngozi imechubuka, mshono haujafunguka. Nimekaa karibu na moto nikiwa na hasira na ukungu kama mtoto. Nimekuja mpaka hapa kukaa ndani.

Jumanne, 1 Julai

Nitaandika pole pole.

Asubuhi Chebet alifungua mlango akasema tu, "Madam." Nikachukua magongo.

Anga ilikuwa imeoshwa. Na chini yake, kutoka mlangoni mpaka kwenye majabali, maua yameshikana. Yale marefu mekundu yenye njano chini, ambayo wageni huita mienge, yalikuwa mengi mpaka hayaonekani kama maua, yanaonekana kama kitu kimoja kinachopumua. Chini yake meupe, yale makavu kama karatasi. Kando ya maji buluu, buluu nzito ya kalamu. Yale ya chungwa yanayoinama yameota kwenye majivu yenyewe, huwezi kuamini, pale pale palipokuwa peusi. Ndege chozi wa kijani wenye mikia mirefu walikuwa wanapigana, ua kwa ua, ingawa yangewatosha wote na watoto wao.

Nimeenda mbele kidogo. Gongo lilizama. Nikakaa chini. Sikupanga kukaa, lakini nilipokaa maua yalinipita kichwa. Nilikuwa sijawahi kukaa. Kazini hukai, unahesabu wageni, unaangalia mawingu, unamwambia yule asichume. Nilikaa, nikawa sina kazi, na nikalia mpaka pua ikaziba. Kilio cha mguu. Nilikuwa sijaulilia. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa nimekasirika tu.

Basi nilikuwa hapo, nimelowa makalio, nilipoona mwavuli.

Mwavuli wa buluu wenye maua ya plastiki, unapanda kutoka msituni. Chini yake Nasimiyu. Gambuti za mpira za kuazima, sweta la kanisani, leso kichwani. Kiprono, aliyekuwa amebaki Laboot, nyuma yake. Nasimiyu alikuwa amelala huko huko. Alipanda kwa miguu tangu alfajiri, mtu ambaye hupanda bodaboda kwenda dukani.

Alikuja moja kwa moja, akikanyaga maua, hakuyaona. Nilimwona usoni. Nikajaribu kusimama nikashindwa.

"Wewe ni mtu gani, dada?" Hakuwa na pumzi. "Wewe ni mtu gani? Nilienda Kitale. Nilifikiri Halima ananificha kitu, nilifikiri umeanguka humo ndani, hujibu. Nimevunja kitasa chako. Nimevunja mlango wa watu."

"Halima alikwambia niko Laboot."

"Nilifikiri anasema hivyo ili nisiogope!"

Nikasema pole. Akasema pole ya nini, pole haifungi mlango. Akaona bendeji ina damu. Akapiga magoti kwenye matope na sweta lake, akaanza kuifungua, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, havishiki. Alikuwa anaongea bila kuniangalia. Ati wangeweza kukata juu zaidi. Ati daktari alisema ikioza tena watakata juu ya goti. Ati je, namtaka aseme ndiyo mara ya pili?

"Mara ya pili aje?"

Akaacha kufungua.

"Wewe ulikuwa umezimia," alisema. "Walikuja wakaniuliza mimi. Walisema wanaweza kujaribu kuushona, lakini mishipa ya damu imeharibika, naweza kukupoteza. Au wakate. Walitaka jibu pale pale. Nikajua kazi yako ni nini. Nilijua, dada. Nikasema wakate."

Nilidhani ni daktari aliyeamua. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwahi kuuliza.

Naandika ukweli: nilimchukia. Ilikuwa kitambo kifupi, lakini ilikuwa chuki yenyewe. Niliangalia mikono yake juu ya kigutu nikafikiri, mikono hii. Halafu nikaona gambuti kubwa za mtu mwingine. Nikawaza, miezi hii yote amekuwa akisimama mlangoni kila asubuhi kuangalia bendeji, na mimi nikidhani ananikagua.

"Ungesema wasikate ningekufa," nikamwambia.

"Labda ungepona."

"Ningekufa, Nasimiyu. Ulisema vizuri."

Sijui kama niliamini wakati naisema. Sasa hivi, nikiandika, naamini zaidi kidogo.

Alifunga bendeji upya. Kwa mshazari, kutoka chini kwenda juu. Alipomaliza akakaa. Tulikaa bega kwa bega kwenye maji. Alipangusa uso na leso. Na ndipo akainua macho, nikaona yakienda mbali, yakirudi, yakienda tena. Mdomo ulibaki wazi. Hakusema ni maridadi.

Alishika shina la moja lililokuwa karibu na goti lake. Hakulichuma. Alishika tu.

"Hili linaitwaje?"

Nimeulizwa swali hilo na watu wa kila rangi. Nimelijibu kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa jina la kitaalamu kama mgeni ana kitabu. Leo nilimwambia jina ambalo baba alikuwa analiita, kwa Kibukusu, alipokuwa akituletea moja kwenye mfuko wa koti. Nasimiyu alikuwa mdogo sana, hakumbuki. Akalirudia. Akakosea. Nikamrekebisha. Akalirudia tena.

Akaanza kuuliza ya mengine.

Jumatano, 2 Julai. Laboot

Tumeshuka. Mimi juu ya Sukari, Nasimiyu ubavuni, ameshika mkanda wangu kiunoni njia yote. Hakuachilia hata kwenye mianzi ambapo njia ni ya mtu mmoja. Alitembea kwenye miiba. Mahali pa kijito alisema, "Ulianguka hapa?" Nikasema ndiyo. Akaliangalia lile jiwe vibaya.

Halima alitukumbatia wote pamoja. Alikuwa amefunga saumu, akaapa hatafungua mpaka tuonekane. Tumekula ugali na mboga ya kienyeji. Nasimiyu alimwambia, "Asante kwa kutonidanganya," na Halima akasema, "Wallahi nilitaka sana," na tukacheka, wanawake watatu tunanuka moshi na punda.

Joto kidogo mwilini. Nimeficha. Halafu nikasema. Kesho hospitali moja kwa moja.

Ijumaa, 4 Julai. Bungoma

Dawa ya kuua vijidudu, sindano. Daktari amefoka. Alifoka kwa Nasimiyu kwanza, kama yeye ndiye mama yangu, na Nasimiyu akainamisha kichwa, hakusema ni mimi niliyetoroka. Nikasema mwenyewe. Daktari akanigeukia akafoka upya. Alikuwa na haki.

Mguu hautavaliwa mpaka ngozi ifunge. Wiki kadhaa nyuma. Nimeharibu. Ningefanya tena. Yote mawili ni kweli na nimechoka kuyapatanisha.

Ijumaa, 11 Julai

Kidonda kimekauka pembeni. Homa imeisha.

Sijui kama nitaongoza wageni tena. Leo nimelisema kwa sauti, chumbani, peke yangu, nione litasikikaje. Limesikika vibaya. Lakini dari haikuanguka. Chebet ana wageni wanne wiki hii. Alinipigia kuuliza kama awapitishe upande wa majabali au wa maji. Upande wa maji, nikamwambia, asubuhi, kabla ya upepo. Tuliongea mpaka salio lake likaisha.

Bado siwezi kukaa muda mrefu. Lakini ni tofauti. Kama mtu anayengoja gari, si kama mtu aliyefungiwa.

Jumapili, 20 Julai

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Watoto wameenda kwa rafiki zao.

Lori halikuja mwisho wa mwezi na hakuna aliyelitaja. Juzi nilimsikia Nasimiyu akiongea na mwenye nyumba wa Kitale kwenye simu, anamwambia dada yake atarudi akishaweza kutembea na mguu mpya. Alisema kwa sauti yake ya darasani. Nilijifanya sijasikia.

Baada ya kanisa tulikaa jikoni tukimenya viazi. Yeye anamenya nyembamba sana, mimi nene, ananiangalia maganda yangu na kunyamaza. Redio ya jirani ilikuwa inahubiri. Akaniuliza, bila kuinua macho, maua yale huwa yanabaki mpaka lini.

Nikasema mekundu yanaisha mwezi huu. Meupe yanabaki. Yale ya buluu, ya kando ya maji, yanaweza kufika katikati ya mwezi wa nane, mvua ikiendelea.

"Shule zinafungwa mwanzo wa mwezi wa nane," alisema.

Akachukua kiazi kingine. Mimi pia.